Mkono Niliokuwa Nikiushusha

Alhamisi, mwezi wa saba. Upepo mkali, jua lipo lakini halina joto.

Baridi ya Sumbawanga mwezi huu haina adabu. Inapita chini ya mlango, inapita ndani ya sweta, inakukuta mpaka chini ya blanketi. Nimevaa masweta mawili na kitenge juu yake, na bado vidole vinagoma kuandika. Duka sijafungua leo. Wenye barua zao za kuchapa na vyeti vyao vya kutoa kopi watanisamehe, na asiyenisamehe aende kwingine, mtaa huu wa Milanzi hauna steshenari moja tu.

Shajara, kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumatatu. Nimejaribu kulimeza, limegoma. Nilitaka kumwambia mama mdogo, nikaishia kumgombeza kwa sababu ya chumvi kwenye mboga. Acha niliandike hapa, labda litatoka.

Kwa anayeisoma shajara hii ya mtandaoni mara ya kwanza: mama yangu alipata kiharusi mwezi wa kumi na moja, akiwa shambani kwake upande wa Laela, msimu wa kupanda. Alikuwa ameinama anafukia mbegu. Akanyanyuka, akakaa chini, na hakuinuka tena mwenyewe. Upande wake wote wa kulia ulilala, mkono na mguu. Maneno nayo yakaondoka. Alipotoka hospitali nilimleta hapa kwangu, na mdogo wake, mama mdogo Gaudensia, akaja kutoka kijijini kunisaidia kumuuguza.

Neno moja tu lilibaki kinywani mwake. Basi. Ukimuuliza kama ana njaa, basi. Ukimwamkia shikamoo, basi. Akifurahi ni basi, akikasirika ni basi, na hasira yenyewe unaijua kwa sauti. Mwanzoni tulimtania, tukamwita konda wa kwenda Laela, naye akawa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Siku zilivyokwenda tukaacha kumtania.

Jumatatu tulikuwa kliniki. Daktari alikuwa mpya, binti mwembamba mwenye miwani, nadhani hata thelathini hajafika. Akamwambia, "Shikamoo mama." Mama akajibu, "Basi." Yule binti akainamisha kichwa kwa heshima, kama vile ameitikiwa marahaba. Nilimpenda hapo hapo.

Akapima presha, akaangalia vidonge tunavyompa, akauliza, "Kichwa je? Huwa anaumwa kichwa?"

Nikadakia. Mimi nina mdomo, mtaa mzima unajua. "Hapana daktari. Hajawahi kulalamika hata siku moja." Nilisema kwa majivuno, eti nionekane najua kuuguza.

"Namuuliza mama," akasema kwa upole. Akavuta kiti, akakaa usawa wa macho ya mama. "Mama, kama kuna mahali panauma, weka mkono wako hapo."

Mama akainua mkono wa kushoto, ule mzima. Ukapita tumbo, ukapita kifua, ukafika kwenye kidevu, unaelekea kichwani. Ukasimama. Mama akageuza macho, akanitazama mimi. Kisha akaurudisha ule mkono mapajani na kuuficha ndani ya kitenge.

Alikuwa ananiomba ruhusa.

Daktari naye aliona. "Mbona anakuangalia wewe, dada?"

"Sijui," nikasema.

Nilikuwa najua.

Huku kwetu mtu haweki mikono kichwani hivi hivi. Mikono kichwani ni ya msiba, ni ya mwanamke anayefuata jeneza. Ukiiweka bila msiba, unauita. Nani kati yetu hajakaripiwa kwa hilo utotoni? Unamlilia nani wewe? Unataka nife? Umechoka kuwa na wazazi? Tumekua hivyo, na wadogo zetu tumewakaripia hivyo hivyo.

Mimi nina yangu zaidi ya hayo. Sijawahi kuyaandika mahali popote.

Nilikuwa na miaka tisa. Nimerudi shule, nimesimama mlangoni mwa jikoni, mikono yote miwili kichwani, vidole nimevifungamanisha, nawaza uji. Mama alinizaba mikono ile kwa mwiko wa ugali. "Unamwita nani?" akaniuliza. Baba alikuwa anaumwa kifua siku nyingi, amelala chumba cha pili. Wiki ile ile akafariki. Nyumba ikajaa wanawake wenye mikono kichwani, na mama mbele yao. Mimi nilijificha nyuma ya ghala la mahindi, nikiwa na hakika kabisa kwamba nimemuua baba yangu.

Mama hakuniambia kwamba niliuita msiba ule. Hakuniambia pia kwamba sikuuita. Hatukulizungumza tena, na sasa hawezi kuzungumza.

Nina miaka thelathini na nane. Nimesoma, nina kompyuta mbili dukani, namsaidia padri kuchapa matangazo ya Misa. Na mteja akiweka mikono kichwani wakati anasubiri kopi zake, namwambia aishushe. Wanacheka, wanadhani nafanya utani.

Sasa, siku chache kabla ya Krismasi, mama alianza kuweka mkono kichwani. Mmoja tu, maana wa pili haupandi. Mama mdogo ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa anamlisha uji wa ulezi, kijiko kikamponyoka. "Leti! Njoo! Dada anajililia mwenyewe!"

Nikaja mbio, nikaushusha ule mkono. Mama akaupandisha. Nikaushusha tena. "Basi," akasema, "basi, basi," na mimi, mjinga wa kutupwa, nikamgeukia mama mdogo nikamwambia, unaona, ameelewa.

Ikawa kazi ya kila siku, kama kumgeuza na kumsafisha. Mama mdogo alikuwa na njia yake ya upole. Anaushika ule mkono kana kwamba anamsalimia dada yake, anaushusha, anautilia rozari kiganjani ili uwe na shughuli. Mimi sikuwa na upole. Niliuvuta. Siku nyingine niliupiga kofi dogo, kama la mtoto anayegusa sufuria, na kumwambia, "Mama, acha hizo. Hufi."

Mkono ulipanda zaidi asubuhi, na ulipanda kila tulipofungua dirisha la upande wa jua. Nililiona hilo kwa macho yangu. Sikujiuliza kwa nini dirisha. Jamani, kwa nini sikujiuliza kwa nini dirisha?

Baadaye akaanza kutoa machozi. Tukasema ni huzuni, tuite jumuiya ije isali. Wakaja wanawake kumi na kitu, wakajaa kwenye kile chumba kidogo, na mmoja wao alikuja na ngoma. Waliimba kwa moyo wote, Mungu awabariki. Makofi, vigelegele, ngoma. Mama alifumba macho, uso umekunjamana, machozi yanamshuka mpaka shingoni. Mmoja akasema ameguswa. Tukaongeza wimbo mwingine.

Tulimpigia ngoma mtu anayeumwa kichwa.

Nacheka nikiandika hivi, lakini si kicheko cha kumwonyesha mtu.

Bado kuna moja, na hili ndilo lililonifanya nifunge duka. Jumapili moja ya Kwaresima, ndugu za marehemu baba walikuja kutoka Muze kumwona mgonjwa. Mimi na watu wale hatuna raha sana tangu zamani. Sikutaka wamkute mkono kichwani, waende kusema kwangu kunanuka msiba. Nikamzungushia mama kitenge kifuani, mkono mzima nikauweka ndani, nikakaza fundo nyuma ya mgongo. Nikawaambia wageni ni kwa ajili ya baridi. Walikaa mpaka jioni, wakala, wakanywa soda, wakanisifu kwa kumtunza.

Mama hakushindana na mimi. Alinitazama wakati nakaza fundo. Halafu akaacha kunitazama.

Tangu siku ile mkono haukupanda tena. Na mimi nilimshukuru Mungu. Nilimwambia kila aliyeuliza kwamba mama amepona huzuni, ametulia siku hizi, hasumbui.

Pale kliniki ule uongo wangu wa "sijui" haukudumu, nikamwaga yote. Msiba, mwiko, ngoma, kitenge. Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliandika, akasimamisha kalamu, akaandika tena.

Akanieleza kwamba watu wengi waliopata kiharusi huumwa kichwa. Wengine kinaanza siku zile zile za mwanzo, wengine baadaye, na kuna wanaokaa nacho miezi. Kinaweza kuwa ni jeraha lenyewe ndani ya ubongo, inaweza kuwa presha, au usingizi mbaya, au shingo iliyokaza kwa kulalia upande mmoja, au hata dawa. Mara nyingi hakimaanishi kwamba kiharusi kingine kinakuja. Lakini kikija ghafla, kikawa kikali kuliko vyote, akatapika, akalegea, uso ukaenda upande au usingizi ukawa si wa kawaida, tusisubiri kuche, tumkimbize hospitali.

"Mama hawezi kukuita," akasema. "Alikuwa na ishara moja ya kukuambia. Sasa utajuaje?"

Akaandika dawa ya maumivu, akaniambia nisimnunulie nyingine ovyo madukani, maana nyingine hazipatani na dawa anazotumia, na hata hiyo tukimpa kila siku bila mpango inaweza yenyewe kuja kuleta maumivu ya kichwa. "Mpe anapoumwa," akasema. Nikaondoka na pakiti mkononi, dawa ya kumpa anapoumwa, na mtu ambaye nimemfundisha asiniambie anapoumwa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Tangu hapo sina amani.

Nikiwa jikoni natega sikio nisikie anavyopumua. Akifumba macho namwita. "Mama!" Kimya. "Mama!" Basi, anasema, kwa sauti ya kuchoka nami, ndipo nashusha pumzi. Kila akinyamaza nadhani ndicho kile cha ghafla, kikali kuliko vyote, kimeshakuja na amekaa nacho peke yake kwa adabu.

Na mkono ule nauona kila mahali. Jana dukani alipita mama mmoja na beseni la dagaa kichwani, amelishikilia kwa mkono wa kushoto. Nilimkodolea macho mpaka akaniuliza kama tunafahamiana. Nikifunga macho naona mkono wa mama unapanda, unafika kwenye kidevu, unasimama.

Juzi Jumanne nilipiga magoti mbele yake. Nikamwambia, "Mama, nilikosea. Kichwa kikiuma weka mkono, sitaushusha tena." Akatazama ukuta. Nikauchukua mkono wake nikauweka kichwani kwake mwenyewe. Aliunyakua ukarudi chini kama mtu aliyegusa chungu cha moto, akauingiza chini ya paja. Ana nguvu kwenye ule mkono, siwezi kushindana nao. Wala sina haki ya kushindana nao.

Jana nikamwambia mama mdogo anisaidie kumbembeleza. Hataki. Si mtu mbaya, mama yangu mdogo, anampenda dada yake kuliko nafsi yake, na ndiyo maana hataki. "Leti mwanangu," akaniambia, "daktari amesema yake, nimesikia. Lakini msiba hausomi cheti cha daktari. Ukiuita unakuja." Mimi ni mtoto wa miaka tisa nyuma ya ghala. Nilijua anachosema mpaka kwenye mifupa.

Leo asubuhi tulimtoa mama nje. Nyuma ya nyumba kuna mahali upepo haufiki, nikatandika mkeka, nikamwegemeza ukutani na mito miwili. Mama mdogo alikaa pembeni anapeta ulezi kwenye ungo. Jua likapanda juu ya paa la jirani, likampiga mama usoni. Nikaona nyusi ya kushoto inajikunja. Macho yakafumba, taya likakaza. Mkono wa kushoto ulicheza kidogo juu ya kitenge, ukatulia.

"Kinauma?" nikauliza. Hakunitazama.

Hapo nikafanya kitu ambacho sijakifanya tangu baba afe. Nikakaa chini mbele ya mama, kwenye vumbi, nikapandisha mikono yangu yote miwili, nikaiweka kichwani na kufungamanisha vidole. Niliogopa, sitaki kudanganya, nilihisi kama nimefungua mlango ambao mtu yuko nyuma yake anasubiri.

Mama mdogo akaacha ungo. "Leti wee! Shusha mikono! Unamlilia nani na dada yangu yuko hai?"

Sikushusha. Nikamwambia mama, "Angalia. Mimi nimeweka. Nimeweka na hakuna anayekufa." Neno la mwisho sikuwa na hakika nalo, na bado sina.

Mama akafumbua macho. Akanitazama. Tangu ile Jumapili ya Kwaresima hakuwahi kunitazama muda mrefu namna ile. Akajiinua kutoka ukutani kwa upande wake mzima, akasogea, nusura aanguke, akanikamata kifundo cha mkono na kuuvuta chini.

Nikasema kimoyomoyo, yamekwisha. Yeye ndiye aliyenifundisha, atakubalije? Hata angeumwa mpaka mwisho, asingekubali mwanawe aite kifo kwenye nyumba. Nilikuwa tayari kuinuka niende zangu ndani nikalie.

Lakini hakuniachia. Aliuvuta mkono wangu kuelekea kwake, polepole, akaupitisha kwenye shavu lake, akauingiza chini ya kilemba, juu ya sikio la kushoto. Akaukandamiza hapo kwa kiganja chake. Chini ya vidole vyangu kulikuwa na mshipa unapiga, na ngozi yote imekaza.

"Hapa?" nikauliza. Akakandamiza zaidi.

Niliuliza kama kinauma kidogo au sana, nikamwambia kama ni kidogo aniachie, kama ni sana anibane. Akanibana vidole mpaka vikaniuma. Nikauliza kama kimekuja ghafla leo, tofauti na siku zote, kama ni hivyo anibane tena. Akaniachia. Nikapumua. Ni kile kile cha siku zote, basi, kile tulichokipigia ngoma.

Nikamgeuza jua likawa mgongoni. Nikampa dawa na maji ya vuguvugu. Mama mdogo alikuwa amesimama na ungo wake, ulezi wote umemwagika miguuni, anafuta macho kwa kona ya kanga. Nikamwomba mama msamaha kwa kile kitenge. Hakunijibu, na sikumlazimisha. Hilo ni lake, atanipa akitaka.

Saa nane mchana sasa. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kompyuta mapajani, ninamwona kutoka hapa. Najiuliza Jumapili ile, wakati wageni wanakula na mimi nasifiwa, kichwa kilikuwa kinamuuma kiasi gani ndani ya lile fundo. Hilo sitalijua kamwe. Nadhani nitaishi nalo.

Na baba? Hilo nalo sina wa kumuuliza.

Mkono umepanda. Sasa hivi, wakati naandika mstari huu. Ameuinua mwenyewe, taratibu, umepita kidevu, umefika juu, ametulia nao kichwani, macho yamefumba. Mama mdogo ameona, amefanya ishara ya msalaba, ameendelea kuokota ulezi. Miguu yangu imesimama kabla sijaiambia, kwa mazoea, kwenda kuushusha.

Nafunga kompyuta. Naenda kumuuliza kinauma kiasi gani.